Positroni zenye spini zilizopangwa hupatikanaje?
Umeuliza positroni (chembe kama elektroni, ila zenye chaji chanya) zenye spini (sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha) zilizoelekea upande mmoja zinapatikanaje. Unaanza na elektroni ambazo spini zake zimeshapangwa. Zikigonga kibamba cha tangsteni zinatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizorithi mpangilio ule, na fotoni nazo zinazaa jozi za elektroni na positroni. Jaribio la PEPPo pale Jefferson Lab, maabara ya fizikia Marekani, lilitumia kibamba cha milimita 1 tu. Elektroni zenye mpangilio wa 85% (100% ni spini zote kuelekea upande mmoja) zikazaa positroni zenye mpangilio wa hadi 82%. Kwangu hilo ni jambo kubwa sana! Kazi ngumu ni kuzisafirisha positroni hizo: zinatoka zimetawanyika kama mchele uliomwagika, kila moja na pembe yake na nishati yake, kwa hiyo sumaku ya solenoidi (koili ya waya wenye umeme) inawekwa mara tu baada ya kibamba ili izikusanye. Zenye nishati kubwa ndizo zenye mpangilio bora, ila ni chache.