Macho wazi, akili haipo

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Dar, nafanya kazi huku nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, natoka ofisini saa 11 jioni, foleni, daladala, nikila ndo nakaa na kitabu, sasa ikifika saa 3 usiku kichwa kinakuwa kizito balaa, paragrafu moja ya kodi nairudia mara nne haiingii. Nakunywa kahawa lakini wapi. Nifanyeje? – Msomaji wa kike, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hiyo kahawa ya usiku ndo inakuponza. Kafeini haikupi nguvu, inaziba tu adenosini, ile kemikali inayojikusanya kichwani tangu asubuhi na kuleta usingizi, na baada ya kama masaa 5 nusu ya hiyo kafeini bado inazunguka mwilini, kwahiyo unalala usingizi wa mang'amung'amu na kesho ofisini uko vilevile. Utanichukia ila saa 3 lala, amka saa 10 alfajiri upige hiyo kodi kichwa kikiwa fresh, kahawa iwe ya asubuhi. Ukikwama usirudie paragrafu, funga kitabu uandike unachokumbuka, halafu zunguka uani kidogo na simu uiache ndani, maana kuperuzi status sio kupumzika jamani.

Ukishalala vizuri wiki kadhaa na bado hali ni ileile, hasa kama hedhi yako ni nzito au unahema ukipanda ngazi, nenda kapime damu, upungufu wa madini ya chuma unafanya hivyohivyo. Waombe wacheki na thairoidi, ile tezi ya shingoni, nayo ikilegea inachosha.