Kabla hujauliza ukinunue wapi kipande cha dhahabu, jua nani atakinunua kwako

Mkuu, umesema una shilingi milioni 3, uko Mwanza, dada yako anafanya kazi Dubai na yuko tayari kukuletea vipande vya dhahabu. Wakati huohuo kuna jamaa anakushawishi uchukue dhahabu ghafi ya Geita kwa bei ya chini. Unauliza ushike njia ipi. Mimi nimenunua na kuuza vipande hivi tangu 2015, kwa hiyo nitakupa niliyoyapitia mwenyewe, na hesabu zake.

Nilikuwa mtunza ghala Deira, Dubai, kuanzia 2014 hadi 2021. Soko la dhahabu lilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka kazini. Kila duka lina ubao wa bei: karati 24, ambayo ni dhahabu safi, kisha 22, 21 na 18, ambazo zimechanganywa na metali nyingine. Bei hizo hutangazwa na umoja wa masonara wa huko na hubadilika mara kadhaa kwa siku. Mgeni akiziona hudhani ndizo atakazolipa. Desemba 2015 ubao ulisoma kama dirhamu 128 kwa gramu ya karati 24. Nikanunua kipande cha gramu 1, kimefungwa vizuri ndani ya kadi ya plastiki, nikalipa 148. Hizo 20 za juu ni gharama ya utengenezaji na faida ya duka. Sikujali, maana nilijiona nimeanza kuweka akiba. Nikaendelea kila mwezi hadi Mei, vikafika vipande 6, vyote vimenigharimu dirhamu 950 na kitu.

Mwisho wa 2016 nyumbani wakapata shida ya ada ya shule, nikavipeleka sokoni. Nikapewa 810. Bei ya ubao ilikuwa imeshuka kidogo sana. Sehemu kubwa ya ile hasara ni zile dirhamu 20 nilizolipa mara 6, pamoja na kile ambacho duka hukata linaponunua. Duka linakulipa uzito wa dhahabu. Kadi, nembo na mchoro havirudi.

Tangu siku hiyo nikabadili utaratibu. Nikawa naweka fedha benki miezi minne, mitano, hata sita, halafu nanunua kipande kimoja cha gramu 10. Juu ya bei ya ubao nilikuwa naongezwa kama dirhamu 30 kwa kipande kizima, yaani 3 kwa gramu badala ya 20. Dhahabu ni ileile, sokoni ni palepale. Kwa hiyo dada yako asikununulie vya gramu 1 au 2 hata kama vinapendeza na bei yake inaonekana nyepesi. Gramu 10 ndiyo saizi inayomfaa mtu wa kipato chetu: utengenezaji wake haukuumizi, na siku ya shida unauza kimoja bila kugusa akiba yote. Kipande cha gramu 100 ni nafuu zaidi kwa gramu, lakini ukiwa na shida ya milioni 2 huwezi kukikata kipande chake.

Mwambie pia asichanganye vipande na vito vya kuvaa. Tangu Januari 2018 Falme za Kiarabu zinatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 kwenye vito, ila dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea hutozwa sifuri. Bangili ya karati 22 ina dhahabu 916 katika 1,000, halafu ina mkono wa sonara na kodi juu yake. Ni pambo zuri na ni heshima ya mwanamke, mke wangu anazo na nimemnunulia mimi. Lakini ukiiuza, unalipwa zile 916 tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawaliulizi kabisa. Nilirudi Tanga na vipande 7. Uwanja wa ndege nilitamka nilichobeba na kuonyesha risiti, nikapita. Agosti 2022 mama akatakiwa kufanyiwa upasuaji, nikaenda Dar kuuza viwili. Siku hiyo bei ya dunia ilikuwa kama shilingi 130,000 kwa gramu, yaani 1,300,000 kwa kipande. Sonara wa kwanza akakigeuzageuza, akasema hiyo kwake ni dhahabu ya kuyeyusha tu, lazima akate kadi na akisugue kwenye jiwe la kupimia dhahabu, na atanipa 1,080,000. Nikamwonyesha risiti, na namba ya kipande inayolingana na ya kwenye cheti. Hakutaka kusikia. Nilitoka nikiwa na hasira, kwa sababu alijua naihitaji hela siku ileile. Siku ya pili nikampata mwingine ambaye huwa anauza vipande vya aina hiyohiyo dukani kwake. Alisoma namba, akapima uzito na kadi yake, akanipa 1,240,000 kwa kila kimoja. Kwa vipande viwili, tofauti ya maduka hayo mawili ilikuwa 320,000.

Ndiyo maana nasema, kabla dada yako hajatoa hata dirhamu moja, zunguka kwa masonara watatu au wanne wa Mwanza. Waulize kama mtu anayeuza: nikileta kipande cha gramu 10, karati 24, kikiwa ndani ya kadi yake na risiti, mnanipa ngapi leo? Andika majibu. Kisha tafuta bei ya dunia ya saa hiyo. Huwa inatajwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Wakia ikiwa dola 4,000, gramu ni dola 128.6, zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo. Anayekupa pungufu ya bei hiyo kwa asilimia 5 ni wa kuheshimu. Kama wote wanakupa pungufu ya asilimia 15, basi ukinunua leo, dhahabu itabidi ipande zaidi ya asilimia 15 ndipo urudishe hela yako tu.

Kuhusu yule jamaa wa Geita, achana naye. Sheria ya Madini hairuhusu mtu asiye na leseni kununua wala kuuza madini ghafi, kwa hiyo hata kama ni dhahabu ya kweli, utakuwa umenunua kesi. Halafu jiulize hivi: Geita kuna soko la madini tangu Machi 2019, Tume ya Madini inatoa bei elekezi, mchimbaji anapimiwa na kulipwa palepale. Kwa nini aliache soko lililo mlangoni kwake aje akuuzie wewe kwa hasara? Dhahabu ghafi pia huwa na madini ya fedha na vitu vingine ndani yake, na kwa macho huwezi kujua ni kiasi gani. Binamu yangu alipoteza milioni 4 kwa mzigo wa namna hiyo. Alipopimiwa, nyingi ilikuwa shaba.

Kupima nyumbani kunawezekana kwa kipande kisicho na kadi. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi mwembamba kizame bila kugusa chini wala pembeni. Dhahabu safi ya gramu 10 itapandisha mizani kwa 0.52. Shaba nyeupe au ya njano itapandisha zaidi ya gramu 1, na fedha kama 0.95. Udhaifu wa kipimo hiki ni tangsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na wa dhahabu, na matapeli wanalijua hilo. Ndiyo sababu mimi sifungui kadi na sinunui kipande kisicho na risiti, hata kwa ndugu.

Usiingie ukiamini kwamba dhahabu haishuki. Aliyenunua Septemba 2011, wakia ikiwa imegusa dola 1,900, alikaa hadi 2020 ndipo akaiona tena bei hiyo. Mwaka 2013 peke yake ilianguka kwa zaidi ya robo. Na sisi tuna shilingi pia: mwisho wa 2024 dola ilishuka kutoka 2,700 hivi hadi chini ya 2,400 ndani ya wiki chache, na mwenye dhahabu akapungukiwa kwa hesabu ya shilingi hata kama kipande kilikuwa kabatini hakijaguswa. Isitoshe, dhahabu haizai. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanza na milioni 1 na unalipwa riba kila miezi sita. Kama wewe ni Muislamu na riba huitaki, kumbuka dhahabu nayo ina masharti yake: inanunuliwa mkono kwa mkono, si kwa mkopo, na ukifikisha gramu 85 kwa mwaka mzima inatolewa zaka.

Kuhusu kuhifadhi, shangazi yangu alifariki Pangani akiwa na bangili 6 na kidani ambavyo sote tulimwona navyo harusini. Hakuna aliyejua alikoviweka. Tulifukua sakafu ya jikoni, tukapasua magodoro, hatukupata kitu, na watoto wake hadi leo wanaangaliana vibaya. Vyangu mke wangu anajua vilipo, na risiti zipo kwa kaka yangu, si sehemu moja na vipande. Zaidi ya hao wawili sijamwambia mtu.

Kwa hiyo milioni 3 yako, kama ndiyo akiba yako yote, usiipeleke kwenye dhahabu. Bei ikiwa kwenye dola 4,000, kipande kimoja tu cha gramu 10 kitaimeza yote na pengine kudai nyongeza, na mtoto akiugua wiki ijayo utajikuta mbele ya sonara kama yule wangu wa kwanza. Weka milioni 2 mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache. Milioni 1 iliyobaki iongezee kidogokidogo hadi ifike bei ya gramu 10, kisha dada yako anunue kimoja, chenye kadi, kwa risiti yenye jina lako au lake. Hao masonara wa Mwanza ukishawazungukia, lete bei walizokupa hapa tuzipige hesabu pamoja.