Kioo kikubwa hakiwezi kuwa 30x

Mkuu, hiyo 30x (yaani kukuza mara 30) iliyoandikwa kwenye kioo cha kukuzia kikubwa kama kiganja si kweli, kioo cha saizi hiyo mara nyingi ni 2x hadi 3x tu. Lenzi ikiwa na nguvu inakuwa imevimba sana kwahiyo lazima iwe ndogo. Mi natengeneza saa hapa Tabora mjini, lenzi yangu ya jichoni ya 10x ni ndogo na saa naisogeza mpaka sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi ndo naona vizuri.

Pima mwenyewe, toka juani, kusanya mwanga kwenye sakafu ya simenti (sio kwenye majani makavu, na usichungulie jua kabisa!) mpaka kidoti kiwe kidogo kabisa, pima kwa rula toka kwenye lenzi hadi sakafuni, halafu 25 gawa kwa hizo sentimita. Ikiwa 10 basi ni 2.5x, na diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) ni 100 gawa kwa 10, yaani 10. Ila wauzaji wengine wanajumlisha 1 juu wanaandika 3.5x, hiyo nayo ni hesabu halali ukiweka jicho karibu kabisa na lenzi.