Yesu alianza lini kuwa mwanadamu, na sisi je?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika jumuiya yetu yamezuka mabishano. Mmoja alisema mtoto anakuwa mtu pale anapovuta pumzi ya kwanza, kama Adamu alivyopuliziwa, kwa hiyo hata Yesu alianza kuwa mwanadamu usiku ule wa Bethlehemu. Mwingine akasema hapana, alianza siku Malaika alipompasha Maria habari. Mimi nilinyamaza, maana mwaka jana mimba yangu iliharibika kabla haijafikisha hata miezi miwili, na watu walinifariji kwa kusema "hakikuwa kitu bado". Naomba unieleze: Yesu alianza lini kuwa mwanadamu? Na jibu hilo linatuhusu na sisi, au ni lake peke yake?

JIBU: Milele amina, mama. Pole sana. Swali lako la kwanza Kanisa lilishalijibu zamani, na halina utata. La pili ndilo lililowashughulisha walimu wakubwa kwa karne nyingi, kwa hiyo nivumilie nikilichambua taratibu.

Mwana wa Mungu alitwaa ubinadamu tumboni mwa Bikira Maria, si horini. Ndiyo maana Fumbo la Umwilisho, yaani Mwana wa Mungu kufanyika mwili, tunaliadhimisha tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli. Katika Kanuni ya Imani huwa tunainama tunaposema "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu", lakini siku mbili tu kwa mwaka tunapiga goti kwa maneno hayo: Noeli, na hiyo 25 Machi, wakati hakuna mtoto wa kuonekana wala hori.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431 ulithibitisha kwamba Maria ni Mama wa Mungu, dhidi ya Nestori, patriaki wa Konstantinopoli, aliyelikataa jina hilo. Miaka miwili baadaye maaskofu wawili waliokuwa wamefarakana, Sirili wa Aleksandria na Yohane wa Antiokia, walipopatana, waliandika wazi kwamba Neno, yaani Mwana wa Mungu, alijiunganishia ubinadamu alioutwaa kwa Maria tangu kutungwa mimba kwenyewe. Kwa nini walishikilia jambo hilo? Kwa sababu kama kungekuwa na kipindi, hata cha siku moja, ambapo aliyekuwa tumboni ni mtu wa kawaida na Mungu akaja kumwingia baadaye, basi Mungu angekuwa amekaa ndani ya mtu kama alivyokaa ndani ya manabii. Asingekuwa amefanyika mwili.

Soma tena Luka 1:39-45. Maria anakwenda kwa haraka nchi ya milimani. Elizabeti yuko mwezi wa sita, na Maria atakaa kwake kama miezi mitatu, kwa hiyo anapobisha hodi mimba yake ni changa mno, tumbo halijaonekana kabisa. Hata hivyo Elizabeti, akijazwa Roho Mtakatifu, anamwita "mama wa Bwana wangu". Tayari ni mama, na aliye ndani yake tayari ni Bwana. Naye Yohane, aliye tumboni mwa Elizabeti, anaruka kwa shangwe, yeye ambaye hajavuta pumzi hata moja. Hilo latosha kumjibu ndugu yenu wa pumzi ya kwanza. Adamu hakupitia tumbo la mama yeyote, hivyo kuumbwa kwake hakuwezi kuwa kipimo cha mimba.

Nitoe angalizo hapa. Wengi wanapenda kutumia Yeremia 1:5, "kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua". Ni andiko zuri, lakini linasema juu ya Mungu kumjua nabii hata kabla hajawako, kwa hiyo halithibitishi uhai wake ulianza lini. Tusilibebeshe lisichosema.

Sasa swali la pili. Apolinari, askofu wa Laodikea katika karne ya nne, alifundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, Neno alichukua nafasi yake. Mtakatifu Gregori wa Nazianzi akamjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Basi Kristo ana mwili na roho kama sisi. Je, roho hiyo ilikuwepo tangu mwanzo wa mimba?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alisema ndiyo kwa Kristo, hapana kwetu. Akimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, aliamini kwamba kwa kawaida mwili hukua kwanza, na roho yenye akili huja ukishapata umbo, kwa mtoto wa kiume baada ya siku 40 hivi. Kristo peke yake, kwa maoni yake, ndiye aliyekuwa na roho tangu nukta ya kwanza. (Hata hivyo kutoa mimba alikuona ni dhambi nzito wakati wowote.) Lakini miaka 600 hivi kabla yake, Mtakatifu Maksimo Muungamadini, mmonaki, alikuwa amefundisha kwamba roho na mwili huanza pamoja, hakuna kinachomtangulia mwenzake, na kwamba ndivyo ilivyo kwa Kristo na kwetu. Cha pekee kwa Kristo ni kutungwa bila mbegu ya mwanamume. Ubinadamu wenyewe ni ule ule.

Mimi nasimama na Maksimo, na nasema hivyo kwa heshima yote kwa Mtakatifu Thoma. Yeye alitegemea elimu ya zamani zake. Yai la mamalia (viumbe wanyonyeshao, nasi tukiwemo) lilikuja kugunduliwa mwaka 1827, karne nyingi baada yake. Zaidi ya hapo, Waebrania 2:17 inasema ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote, na Mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451 ukakiri kwamba ni sawa nasi katika yote isipokuwa dhambi. Kama mwanzo wake ungekuwa wa namna nyingine kabisa na wetu, basi mwanzo wetu asingeutwaa.

Lakini nisikufiche mpaka wa mafundisho. Kanisa halijatamka rasmi ni nukta gani roho inaumbwa. Tamko la Vatikano la mwaka 1974 kuhusu utoaji mimba liliacha suala hilo wazi kwa makusudi. Lilichofundisha, na hati nyingine ya Vatikano, Donum Vitae (Zawadi ya Uhai) ya mwaka 1987, ikalikazia, ni kwamba binadamu aheshimiwe na kutendewa kama nafsi tangu kutungwa kwake. Hadubini haiwezi kuiona roho, kwa hiyo tusidai kwamba sayansi imetumalizia kazi.

Basi nije kwako, mama. Waliosema "hakikuwa kitu bado" walitaka kukupunguzia uchungu, lakini imani hainiruhusu kuyarudia maneno hayo. Wiki zile chache ambazo mwanao aliishi, Mungu mwenyewe aliziishi tumboni mwa Maria, akiwa mdogo vile vile. Uliomboleza mtu, na ulikuwa na haki ya kuomboleza.

Usihangaike kwa sababu hakubatizwa. Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto kama huyo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu, inayoishauri Vatikano, ilieleza kwamba tunazo sababu za kweli za kutumaini wokovu wao. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1183, hata zinamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Kwa hiyo nenda kwa paroko wako, wewe na mumeo, mwombe Misa. Usione haya kwa kuwa mwaka umepita. Na kama mlikuwa mmempangia jina, mpeni paroko alitaje.