Betri ya moyo na mionzi: bamba la risasi halitamsaidia mama

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, ana saratani ya titi la kushoto, na alishawekewa betri ya moyo upande huohuo, chini ya mtulinga. Amepangiwa mionzi mara 15. Kaka amempata mtu anayeuza bamba la risasi (ile metali nzito) la kufunikia betri, anadai bila hilo itazimika. Tulinunue, au betri itolewe kwanza?

JIBU: Marahaba. Bamba msinunue, na betri isiguswe kabla hesabu ya dozi, yaani kiasi cha mionzi kitakachoifikia, haijafanyika.

Nadhani jina ndilo linalotuponza. Mtu akisikia "betri" anawaza ile ya simu inayovimba na kulipuka. Kwenye pesimeka, yaani hiyo betri ya moyo, kinachoumia ni saketi za kumbukumbu, na zinaumizwa na vitu viwili: dozi inayojilimbikiza siku hadi siku, na nyutroni, chembe ndogo zisizo na chaji, ambazo huwa tatizo mashine ikiendeshwa kwa zaidi ya MV 10 (megavolti, kipimo cha nguvu ya miale). Nyutroni ikigonga pabaya, kifaa chaweza kujirudisha kwenye mpangilio wa dharura hata kama dozi ni ndogo. Ndiyo maana mama apigwe mionzi ya MV 6. Mashine ya kobalti, aina nyingine ya mashine ya mionzi, nayo haina nyutroni.

Sasa hilo bamba. Betri ikiwa karibu na titi namna hiyo, miale mingi inayoifikia inatawanyika kutokea ndani ya kifua chenyewe. Bamba lililolazwa juu ya ngozi litazuia nini? Likiingia kwenye njia ya miale ndiyo linazidisha dozi ya ngozi. Huyo muuzaji anauza uzito tu.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye picha ya CT. Betri inaonekana nyeupe kama kipande cha sabuni, tunaizungushia mstari, programu inahesabu. Programu hupunja dozi ya nje ya eneo la tiba, kwa hiyo siku ya kwanza tunabandika vipima-dozi vidogo kwenye ngozi juu yake. Tunataka jumla ibaki chini ya Gy 2 (grei, kipimo cha dozi). Ikielekea 5 tunabadili pembe ya miale. Upasuaji wa kuihamisha ni pale tu isipokwepeka. Daktari wa moyo naye aseme kama moyo wa mama unaitegemea kila pigo, na aipime kabla na baada. Anayetibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko mji huohuo.

Kinachonichosha zaidi ni wanaofundisha wagonjwa kuficha. Mzee mmoja alituambia hana kifaa chochote. Tukakiona kwenye CT, tena cha kushtua moyo, ambacho mshtuko wake hulazimika kuzimwa kwa muda wa tiba. Muuza dawa alimwambia akikitaja atafukuzwa, akamuuzia na maji ya "kutoa mionzi mwilini". Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Hayo maji yatoe nini? Kadi ya kifaa alikuwa nayo kwenye pochi, imekunjwa mara nne nyuma ya kitambulisho cha taifa.