Karabini ya risasi za bastola: kabla hujachagua, mpe shemeji avute bolti

Mkuu umeuliza uchukue karabini gani (bunduki fupi ya begani) ya risasi za bastola za milimita 9, ya kupigia shabaha wikiendi na hiyohiyo ikae ndani kwa ajili ya usiku, na ukasema shemeji, yaani mkeo, naye ataitumia ukiwa safarini. Hiyo sentensi ya mwisho wengi wameiruka wakakimbilia kutaja majina ya bunduki. Mimi naanzia hapohapo, maana ndo ilinifanya niuze karabini yangu ya kwanza.

Ile niliichagua kwa macho na kwa kusoma vipimo, nikapiga nayo magazini tatu nikaridhika. Nyumbani nikampa mama watoto, magazini imetolewa, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, tumeikagua wote wawili, nikamwambia vuta mkono wa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi iingie chemba, hadi mwisho. Akavuta kwa vidole viwili ikaja nusu ikarudi. Akaegemeza kitako pajani akakaza kiganja, ikaja robo tatu ikamponyoka tena, vidole vimebaki na mstari mwekundu. Akailaza mezani taratibu akasema, "Baba watoto, hii ni ya kwako peke yako." Na alikuwa sahihi kabisa, kama hawezi kupandisha risasi chemba mchana tukiwa tumetulia, usiku anatetemeka ataweza wapi.

Sababu iko kwenye mtambo wenyewe. Karabini nyingi za kaliba hii zinatumia mfumo rahisi kuliko yote, bolti haijifungi popote, kinachoizuia isirudi nyuma mapema ni uzito wake na springi basi. Baruti ya milimita 9 ina nguvu, kwahiyo bolti inabidi iwe nzito na springi iwe ngumu. Hapo unapata matatizo mawili kwa mpigo: mkono mgumu kuvuta, na lile pande la chuma likirudi mpaka mwisho linagonga, ndo maana watu wanashangaa karabini ya bastola inapiga bega kuliko raifo ya AR ya kaliba 5.56 ambayo bolti yake inaendeshwa na gesi. Sio risasi inayokupiga, ni bolti.

Zipo zilizojaribu kulitatua hili na tofauti unaihisi begani. Ruger PC Carbine bado ni mfumo uleule rahisi ila ndani ya bolti wameweka uzito wa tungsteni unaoteleza, kule kugonga kwa mwisho kunapungua sana. CMMG wana bolti inayojizungusha kidogo kabla ya kuachia, SIG MPX inatumia gesi na bolti inayojifunga kabisa, na zile za HK za ukoo wa MP5 zina rola mbili zinazochelewesha. Hizi za kuchelewesha zinaruhusu bolti nyepesi kwahiyo bega linapumzika, lakini mkono wa kuvuta sio lazima uwe laini, wa MP5 wengine unawasumbua vilevile. Ushauri wangu usiamini maelezo ya mtu yeyote kuhusu ulaini, hata yangu, nenda uwanjani na shemeji muazime mbili tatu, avute yeye, apige yeye, wewe simama pembeni usimsaidie.

Kingine cha kumwangalia ni urefu wa kitako. Bunduki nyingi zimetengenezwa kwa mikono mirefu, mtu mfupi anajikuta anajiegemeza nyuma ili aishike, na hapo kila risasi inamsukuma zaidi. Chagua yenye kitako kinachofupika.

Magazini sasa. Kama tayari una bastola, anza na magazini zake, uchukue karabini inayozila. Ruger PC inakuja na vishimo viwili vya kubadilisha, kimoja cha magazini za Ruger na kingine cha Glock. Beretta Cx4 ipo inayokula za bastola ya Beretta 92, na ukiwa mtu wa mkono wa kushoto unaweza kuhamisha upande wa kutolea maganda. Smith & Wesson FPC inakula za bastola zao za M&P na kitakoni ina nafasi ya kukaa magazini mbili za akiba. Wazo lenyewe la kushirikisha risasi ni la zamani, Winchester ya 1873 na bastola za Colt za enzi zile zilikuwa zinakula risasi aina moja, .44-40.

Za kukunja zinavutia, na Kel-Tec SUB-2000 ina uzito chini ya kilo 2 bila risasi, inakunjika katikati mpaka inaingia begi la kawaida. Lakini zile za matoleo ya mwanzo ukifunga darubini juu haikunjiki tena, na wepesi nao una gharama yake begani. Kwa ndani ya nyumba, kukunjika hakukusaidii kitu ukishaifungua. Mtutu wenyewe ni uleule wa inchi 16, ambao umezoeleka kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani haitaki wa raifo uwe mfupi zaidi ya hapo bila kibali maalumu. Kwahiyo ichukue tupu, zima taa zote, tembea kutoka kitandani hadi mlango wa watoto. Mimi nilifanya hivyo nikagundua kwenye kona ya korido mdomo wa mtutu unatokeza kabla sijaona chochote, ikabidi nijifunze kuubana kifuani ukiangalia chini. Sheria za unakoishi kuhusu urefu na idadi ya risasi kwenye magazini zisome mwenyewe kabla ya yote.

Kuhusu nguvu, mtutu mrefu unaiongezea 9 mwendo ila sio miujiza. Risasi ya greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inayotoka kwenye bastola kwa kama mita 350 kwa sekunde, kwenye inchi 16 inafika kama 400. Nzito za greni 147 zinaongezeka kidogo tu, nyingi zinabaki chini ya kasi ya sauti, kwahiyo hazina ule mpasuko wa hewani. Anayefaidika kweli na mtutu mrefu ni .357 Magnum, risasi ya bastola za silinda, kwenye karabini ya leva inayopakiwa kwa kusukuma mkono wa chini, greni 125 inatoka mita 440 hivi inapita 600. Usijidanganye lakini kwamba mlio wa 9 ni mdogo, ndani ya chumba bado unaharibu masikio, sisi tumeweka vifuniko vya masikio palepale penye bunduki.

Sasa ukuta, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna imani kwamba risasi ya bastola ni salama kwa waliolala chumba cha pili kwa sababu ni ya polepole. Sio kweli. Milimita 9 inatoboa kuta kadhaa za jipsamu na inabaki na uwezo wa kuua, na zipo risasi nyepesi za raifo za .223 zinazopinduka na kuvunjika mapema kuliko hiyo 9. Zenye shimo kichwani zinafunguka zikipiga mwili, ila zikipita kwenye jipsamu shimo linaweza kujaa unga wake zikaendelea mbele kama za kawaida. Kwahiyo kaa chini na shemeji mchore nyumba, muone kutoka mlangoni kwenu mkipiga, nyuma ya shabaha kuna nani. Sisi tulipochora tukahamisha kitanda cha mdogo kwenda ukuta wa upande wa pili.

Hizo zenye shimo zijaribu kwenye bunduki yako mwenyewe. Ile yangu ya kwanza risasi za kichwa cha mviringo ilikuwa inameza bila shida, nikaweka zenye mdomo mpana, ya tano ikagota pembeni ya chemba, bolti imeacha mwanya wa kidole. Mia mbili za aina ileile utakayoiweka ndani, bila kukwama hata moja, ndo naiamini.

Darubini weka ya nukta nyekundu, ile inayokuonyesha kinukta cha mwanga cha kulengea, betri yake inadumu sana na unaweza kuiacha inawaka. Ila kumbuka nukta iko juu ya mtutu kama sentimita 6. Ukiirekebisha kwa mita 50, ukiwa mita 5 ndani ya nyumba risasi inapiga sentimita 4 au 5 chini ya nukta, na kwa mita 100 inashuka kama 15 hadi 20. Kibandike kikaratasi kidogo mita 5 upige, ujionee, na shemeji naye ajionee.

Tochi ya kufunga kwenye bunduki ni lazima kuliko darubini, kwa sababu anayetembea korido saa nane usiku mara nyingi ni mtoto anaenda kunywa maji. Na tochi ya mkononi pembeni, ili usilazimike kumulika mtu kwa kumwelekezea mtutu. Yetu inakaa kwenye sefu ya vitufe, magazini imejaa, chemba tupu, namba tunazo wawili tu.

Umeuliza pia karabini ya .45, risasi ya bastola iliyo nene kuliko 9. Inasukuma zaidi, magazini inabeba chache, na mtutu mrefu hauisaidii sana maana greni 230 inatoka kwenye bastola kwa kama mita 255 na kwenye karabini haipandi kwa kiasi cha kukushtua. Kama shemeji ndo atashika, kaa kwenye 9, na mkienda uwanjani anzeni na ile yenye mkono wa bolti mkubwa unaoshikika kwa kiganja kizima.