Ukienda Pushkar, wawahi ngamia kabla ya mwezi mpevu

Mara ya kwanza nilikosea siku. Nilikuwa nasoma Jaipur, India, na kila niliyemuuliza aliniambia niende Pushkar, mji mdogo wa jimbo la Rajasthan wenye ziwa takatifu la Wahindu na mnada wa ngamia wa kila mwaka, siku ya mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, maana ndiyo kilele. Nikapanda treni hadi Ajmer, kisha basi linalouvuka mlima, nikafika. Ziwani watu hapatoshi. Kule mchangani, nilikofuata ngamia, nikakuta majivu ya moto, mavi makavu na wafugaji wachache wakifunga mizigo.

Kumbe pale kuna shughuli mbili. Mnada wa mifugo hutangulia. Hija ya Wahindu hupamba moto siku tano za mwisho, kuanzia siku ya kumi na moja ya mwezi unaokua, na biashara nyingi huwa zimeshakwisha. Tarehe hubadilika kila mwaka, mara nyingi ni Novemba, kwa hiyo tafuta kwanza siku ya mwezi mpevu halafu rudi nyuma wiki moja au zaidi.

Mwaka uliofuata nilifanya hivyo. Alfajiri yenye baridi kali (beba sweta, jua la mchana lisikudanganye) nilimwona mzee wa kilemba chekundu akimpigisha ngamia wake magoti. Mnunuzi akamfunua mdomo kwa vidole, akakagua meno kujua umri, akampapasa nundu, akaondoka bila neno. Mzee hakumwita. Kwa Kihindi changu cha kubabaisha nilimwelewa akisema kwamba bei hailipi hata safari ya kuja. Mwaka 2014 jimbo la Rajasthan lilimtangaza ngamia kuwa mnyama wake rasmi, na mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku kumchinja na ikabana kumtoa nje ya jimbo. Nia ilikuwa kumlinda, lakini wanunuzi wakapungua na bei ikaanguka. Siku hizi farasi wa Marwari, wale wenye masikio yaliyopinda hadi ncha zikakaribiana, ndio wanaovuta wenye fedha. Iliniuma sana.

Ziwani kuna sehemu 52 za kuogea, kila moja na ngazi zake za kushukia majini. Vua viatu mbali na maji, na kamera ibaki mfukoni. Watu wanaoga kwa ibada. Ukipewa maua na mtu akaanza kukuombea, ulizia sadaka kabla hajakufunga uzi mwekundu mkononi. Mimi sikuuliza, nikadaiwa rupia nyingi katikati ya dua, nikalipa kwa aibu. Nyama, mayai na pombe usitafute, mji ule hauli wala haunywi. Chumba weka mapema, bei hupanda vibaya.

Na ukitaka kumpiga picha mfugaji, omba kwanza, kaa naye, kunywa chai yake. Yule mzee nilinunua kwake kamba ya kengele za shingoni, bila kumwomba apunguze bei. Hadi naondoka, ngamia wake alikuwa bado amefungwa palepale.